Kofi la Kwanza Lisifichwe

Usiku mmoja wa Julai 2016, mwanamume wa Masii, Kaunti ya Machakos, alimwendea mkewe na panga. Mama huyo aliishia hospitalini, mikono imekatwa, kichwa na uso vimejaa majeraha. Aliponea chupuchupu. Picha zake akiwa kitandani zilizunguka nchi nzima, nasi tulizitazama tukashika vichwa. Mumewe alikamatwa na kushtakiwa kwa kujaribu kuua. Mwaka 2021 mahakama ya Machakos ilimhukumu kifungo cha miaka 30.

Anayesikia hukumu hiyo huridhika, akasema haki imetendeka. Ni kweli imetendeka, lakini haikumrudishia mama mikono yake. Ndiyo maana nimeona tuirudie kesi hii polepole. Usiku wa panga kila mtu anaujua. Miaka iliyoutangulia ndiyo tusiyoizungumza, na huko ndiko kwenye funzo.

Nawaandikia hasa wakazi wa Thika na Ruiru. Kaunti yetu ya Kiambu imepakana na Machakos, na maisha yetu hayatofautiani sana na ya wenzetu wa huko. Wengi wetu tunaishi kwenye ploti, Makongeni, Kiandutu, Kihunguro, Kimbo hadi Githurai 45, ambako ukuta mmoja unagawa nyumba mbili. Mtu akipigwa chumba cha pili, ploti nzima inasikia. Na kila mmoja wetu, mimi nikiwemo, anajua kuongeza sauti ya redio ili asisikie.

Mama wa Masii aliwasimulia waandishi wa habari habari za ndoa yake. Ugomvi ulianzia kwenye suala la mtoto. Miaka ilipita bila kupata, na lawama zikamwangukia yeye, kama zinavyowaangukia wanawake wengi. Walipokwenda hospitali wakapimwa, ilionekana kwamba aliyehitaji matibabu ni mume. Mume hakurudi kutibiwa. Hiyo ni dalili moja kubwa. Mtu anapoonyeshwa ukweli na daktari akaukataa, kisha akamgeuzia mwenzake hasira zake, hapo jambo limeshatoka kwenye ugonjwa. Limekuwa hatari.

Dalili nyingine ni ukatili wenyewe, uliokuja kidogo kidogo. Kipigo hakiingii nyumbani kikiwa na panga. Huingia kikiwa matusi, kikawa kusukumana, kikawa kofi, kisha siku moja kikafunga mlango kwa ndani. Kila hatua inapopita bila kukemewa, anayepiga anajifunza kwamba hakuna kitakachomfika, na anayepigwa anajifunza kwamba hakuna atakayekuja. Wote wawili wanakuwa wamefunzwa na ukimya wetu.

Ipo pia dalili ambayo wengi huichukua kuwa ni nafuu. Kwa maelezo ya mama huyo, wakati wa shambulio mume alikuwa ameshahama nyumba. Watu wakisikia wawili wameachana husema, afadhali, sasa kuna amani. Jihadhari na amani hiyo. Wanaoshughulikia ukatili wa nyumbani wanafahamu kwamba kipindi cha kuachana ndicho cha kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu aliyezoea kutawala anaona utawala unamponyoka. Mtu aliyehama huku akiendelea kutuma vitisho, kuvizia njiani au kuja usiku kugonga mlango hajaondoka.

Na kuna ushauri. Mama huyo alisema alitafuta mawaidha kanisani, na akaamua kuvumilia kwa kuwa alikuwa ni mumewe. Sitaki kumhukumu aliyemshauri wala aliyekubali. Neno hilo, vumilia, tumelisema wote. Tunalisema kwa dada zetu, kwa mabinti zetu, kwa vijana wanaopigwa na matajiri wao, hata kwa wanaume wanaopigwa na wake zao wakaona aibu kusema. Tunalisema kwa nia njema. Lakini kumwambia mtu avumilie kipigo bila kumwonyesha mlango wa kutokea ni kumwacha mikononi mwa anayempiga.

Milango ya kutokea ilikuwepo. Mwaka mmoja kabla ya tukio la Masii, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Sheria hiyo haingoji damu. Inahesabu vitisho, kumvizia mtu, kumharibia mali, kumnyima pesa za kujikimu na kumtesa kwa maneno kuwa ni ukatili. Anayeogopa anaweza kwenda mahakamani akaomba amri ya ulinzi, na mahakama ikamzuia mkorofi kumkaribia au kumsumbua. Ofisi ya kuomba amri kama hiyo iko katika mahakama ya Thika na ya Ruiru, ileile tunayoipita tukienda kazini. Lakini ni wangapi kati yetu tunaijua? Tunajua mahakama kama mahali pa kupelekwa baada ya kuharibu, hatuijui kama mahali pa kukimbilia kabla ya kuharibikiwa.

Hapa nitaeleza jinsi sheria yetu inavyozipima kesi za kupigana, kwa sababu wengi tunaingia humo bila kujua ngazi tuliyosimama.

Kwanza, tuondoe dhana moja. Watu husema "mahakama ya kaunti" kana kwamba ni ya gavana. Mahakama za mahakimu za Thika na Ruiru ziko chini ya Idara ya Mahakama ya taifa. Hakuna mwakilishi wa wadi wala diwani wa zamani anayeweza kupiga simu kesi ikafutwa. Anayekuchukulia pesa kwa ahadi hiyo anakuibia, na huenda akakuongezea kesi nyingine juu ya uliyo nayo.

Sasa ngazi zenyewe. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 250, inazungumzia shambulio la kawaida: kumpiga mtu bila kumjeruhi, kama kofi au kumsukuma. Kifungo chake hakizidi mwaka 1. Kifungu cha 251 ni shambulio lililoacha jeraha la mwili: jino linalolegea, mdomo uliopasuka, jicho lililovimba. Hapo kifungo kinaweza kufika miaka 5. Kifungu cha 234 ni kumsababishia mtu madhara makubwa: kumlemaza, kumharibia kiungo au sura kwa namna isiyopona. Hapo kifungo kinaweza kuwa cha maisha. Juu yake kuna kujaribu kuua, nako pia kifungo kinaweza kufika maisha. Aliyepigwa akifa, mlango wa mauaji unafunguka.

Angalia umbali kati ya ngazi hizo. Kwenye kitabu ni mwaka 1, miaka 5, maisha. Kwenye uwanja wa ploti, tofauti yake ni kile ulichokuwa umeshika mkononi, au mahali kichwa cha mwenzako kilipogonga alipoanguka. Uliyemsukuma mlangoni mwa baa akaangukia ukingo wa mtaro, ukasema hukukusudia, utasikilizwa, lakini utasikilizwa ukiwa kizimbani. Wala pombe haikuokoi kwa urahisi. Sheria haikubali ulevi wa hiari uwe kinga, isipokuwa katika hali chache mno. Anayesema "nilikuwa nimelewa" mara nyingi amekiri nusu ya kosa.

Kuna jambo jingine katika ngazi hizo, na naomba ulishike kuliko yote niliyoandika. Kadiri kosa linavyokuwa dogo, ndivyo sheria inavyoacha nafasi ya watu kupatana. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika shambulio la kawaida, na katika makosa mengine ya kibinafsi ambayo si jinai nzito na hayakuzidishwa ubaya. Walioumizana wanaweza kukubaliana fidia, mahakama ikaridhia masharti, na kesi ikasimamishwa au kumalizwa. Katiba ya 2010 nayo, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama zihimize upatanishi na njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisikiuke haki za watu. Kwa hiyo mwenye kofi ana njia ya kurudi kwa jirani yake. Mwenye panga hana. Yule bwana wa Masii, alipofika kizimbani, mlango wa kupatana ulikuwa umeshafungwa, na aliufunga mwenyewe.

Najua wapo watakaoniambia kwamba hata kesi ya mauaji imewahi kumalizwa na wazee. Ni kweli. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji dhidi ya Mohamed Abdow Mohamed liondolewe, baada ya familia mbili kupatana kwa sheria ya Kiislamu na mila zao na fidia kulipwa. Kesi hiyo ilizungumzwa sana, na watu wakaipanua kuliko ilivyokuwa. Ombi lilitoka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na jaji ndiye aliyeamua kulikubali. Wazee hawakufuta kesi. Waliiweka mbele ya mahakama. Katiba, ibara ya 157, inasema hata Mkurugenzi huyo hawezi kuacha kesi bila ruhusa ya mahakama. Asiyeelewa hilo hujenga tegemeo lake juu ya kesi moja iliyokuwa ya nadra.

Kuna pia mpatano wa uongo, ambao ndio mwingi zaidi mitaani. Mtu amepigwa Jumamosi usiku. Jumapili asubuhi anaitwa nyumbani kwa jamaa wa aliyempiga, anapewa pesa za hospitali na maneno matamu, anaambiwa asiende polisi. Hakuna kilichoandikwa, hakuna shahidi wa nje, na aliyepiga hajaomba radhi kwa moyo. Mwezi haujaisha, kipigo kinarudi. Safari hii anayepigwa hana ushahidi wa kile cha kwanza. Hana nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, hana fomu ya daktari, na majirani wameshazoea. Mahakama haiwezi kuhesabu kipigo ambacho hakuna aliyekiandika.

Kupatana ni jambo jema. Lakini anza kwa kuripoti, upatane ukiwa na ripoti mkononi. Ukishashtaki kisha ukaridhika kusamehe, kifungu cha 204 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinakuruhusu kumwomba hakimu uondoe malalamiko yako. Atakuuliza sababu. Akiona umesamehe kwa hiari, hukununuliwa wala kutishwa, anaweza kukubali na mshtakiwa akaachiliwa huru. Akiona unatetemeka huku ukimtazama mtu fulani aliyeketi nyuma, ana mamlaka ya kukataa, na kesi ikaendelea.

Msidhani ninazungumzia ndoa peke yake. Njia ya kutoka Thika hadi Nairobi tunaipita kila siku kwa matatu, na njia hiyo ina kesi yake. Septemba 2014, abiria mwanamke alivuliwa nguo na wanaume ndani ya basi huko Githurai, naye akiwasihi wamwache. Kilichotokea kilirekodiwa kwa simu. Video ilipotapakaa miezi michache baadaye, nchi ilighadhibika, na Novemba 17, 2014, wanawake waliandamana Nairobi kupinga vitendo kama hivyo. Julai 2017 wanaume 3 walihukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu uliofanyika katika tukio hilohilo, maana wakati wa kumdhalilisha alinyang'anywa pia mali yake.

Vijana wa steji, naomba mlisome fungu hilo mara mbili. Kumvamia mtu mkiwa kundi na kumnyang'anya kitu, hata simu, kunageuza kesi yote kuwa wizi wa mabavu, na adhabu yake katika Kanuni ya Adhabu ni kifo. Tangu Desemba 2014 kuna pia kifungu cha 251A: anayemvua mtu nguo kwa nguvu anafungwa si chini ya miaka 10.

Dalili za Githurai zilikuwepo kabla ya usiku ule, na sote tunazijua. Ni yale matusi kwa abiria mwanamke aliyekataa kulipa nauli iliyopandishwa ghafla. Ni mkono wa makanga unaomvuta mtu aingie gari asilolitaka. Ni kile kicheko cha abiria wengine. Tulizoea tukaita utani wa barabarani. Anayevutwa mkono leo bila mtu kusema neno, kesho atavutwa nguo. Kama abiria mmoja mwenye sauti angesema "mwache" siku za mwanzo, na wa pili akamuunga mkono, makanga wengi wangeacha mkono huo hukohuko. Nami hupanda matatu hizohizo, na huniwia rahisi kuinamia simu yangu hadi nishuke. Tujihadhari na urahisi huo.

Sasa tuje kwenye hatua, maana kuonya bila kuelekeza ni nusu ya kazi.

Ukipigwa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu, iwe Thika, Makongeni, Juja au Ruiru, uhakikishe tukio limeandikwa katika kitabu cha matukio na umepewa nambari ya OB. Kama umeumia vibaya, hospitali kwanza, polisi baadaye. Thika kuna hospitali ya Level 5, na Ruiru ina hospitali yake ya umma. Hifadhi karatasi zote za matibabu. Omba fomu ya P3. Daktari ndiye atakayeandika humo aina ya jeraha, na maandishi yake ndiyo yatakayosaidia kuamua kama kesi ni ya kifungu cha 251 au cha 234. Usioge wala kufua nguo kama umefanyiwa ukatili wa kingono. Nenda hospitali hivyohivyo. Piga picha za majeraha siku hiyohiyo, kwa sababu jicho lililovimba hupona upesi kuliko kesi inavyosikizwa.

Kisha fika mahakamani kila unapoitwa. Hapa ndipo kesi nyingi hufia. Mlalamishi anachoka na kuahirishwa, nauli inaisha, tajiri wake analalamika, anaacha kwenda. Asipofika siku ya kusikizwa bila sababu, hakimu anaweza kuitupa kesi. Mashahidi nao vivyo hivyo. Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ya maana, na hauwezi kuthibitisha kwa maneno ya mtu ambaye hakuja. Jirani uliyeona, kufika kwako kunaweza kuwa ndiko kesi nzima inakongojea.

Na wewe uliyempiga mwenzako, funzo hili ni lako pia, maana leo ni wewe, kesho huenda ni mimi. Hasira haina kabila wala umri. Ukishakamatwa, una haki ya kufikishwa mahakamani katika muda wa saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimeisha mahakama ikiwa imefungwa, na haki ya kuomba dhamana. Una haki ya kuelezwa shtaka kwa lugha unayoielewa. Usikubali kosa ili "kesi iishe twende nyumbani". Ukikiri, hakimu atakutia hatiani hapohapo, na baada ya hapo rufaa yako itahusu adhabu peke yake. Rekodi hiyo inaweza kuonekana siku utakapoomba cheti cha maadili mema ili upate kazi kiwandani au nje ya nchi. Vijana wengi wa hapa kwetu wamegundua thamani ya cheti hicho wakiwa wamechelewa.

Lakini ikiwa kweli ulikosa, usiongeze uongo juu ya kosa. Sheria ina huruma kwa anayejuta mapema. Hakimu anaweza kuagiza afisa wa urekebishaji tabia aende mtaani kwenu, azungumze na familia, na chifu, na aliyeumizwa, kisha alete ripoti. Kwa makosa yanayostahili kifungo kisichozidi miaka 3, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inamruhusu akupe kazi ya umma badala ya gereza: kufagia, kulima shamba la shule, kusafisha zahanati. Anaweza kukupa kifungo cha nje, faini, au kuamuru umfidie uliyemwumiza. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 nayo imempa aliyeumizwa nafasi ya kusema mbele ya hakimu jinsi kipigo kilivyomwathiri, na maneno yake yana uzito. Kwa hiyo aliyejuta akaomba radhi kwa dhati na kugharimia matibabu hupokewa tofauti na aliyekuja na kiburi. Usiporidhika na hukumu, una siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu.

Huruma hiyo yote, narudia, inapatikana kwenye ngazi za chini. Ukishafika kwenye panga, kwenye kiungo kilichokatwa, kazi ya afisa wa urekebishaji tabia huwa ndogo. Yule bwana wa Masii angeweza kusimama mbele ya hakimu miaka mingi kabla ya usiku ule, kwa kipigo cha kwanza. Huenda angetozwa faini. Huenda angepewa kifungo cha nje, akawekewa mtu wa kumfuatilia, akaamriwa asimkaribie mkewe. Angeona aibu, angekasirika, labda angelaani ndugu za mkewe kwa kumpeleka polisi. Lakini leo angekuwa huru, na mkewe angekuwa na mikono. Anayeripoti kofi la kwanza anamsaidia pia aliyelipiga, ingawa mpigaji hatalijua hilo siku hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unajengwa kwa miaka ya gerezani.

Wazazi, binti yenu akirudi nyumbani na alama shingoni, msimrudishe kabla ya kujua zimetoka wapi. Mwana wenu akirudi na mkono uliochubuka na hadithi isiyoeleweka, muulizeni alimpiga nani. Wachungaji na maimamu, ombeni na watu, lakini mwelekezeni anayepigwa kituoni pia. Sala na nambari ya OB havigombani. Wenye nyumba na walinzi wa ploti, msisubiri kelele ziishe ndipo mgonge. Nanyi viongozi wa Nyumba Kumi, msimalize kesi ya damu kwa soda na kikaratasi kisicho na sahihi.

Anayehitaji msaada sasa hivi apige simu 1195, nambari ya bure ya taifa kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, au aende dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Asiyehitaji, aihifadhi kwenye simu yake kwa ajili ya jirani. Na usiku utakaposikia kilio ukutani, ndugu yangu, punguza redio, toka nje, ugonge mlango huo ukiwa na majirani wenzako.